Dhana potofu kuhusu skripti za usanidi na mifumo endeshi mbalimbali

Anayepakua msimbo chanzo wa programu huria ili aijenge mwenyewe hukutana kwanza na skripti ya usanidi, ambayo mara nyingi huitwa `configure`, inayoichunguza kompyuta kabla kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kutekelezwa) haijaanza kazi yake. Skripti hiyo ikikwama, hata programu iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa haimfikii mtumiaji. Ndiyo maana dhana zifuatazo, ambazo bado zimeenea miongoni mwa waandishi wa programu, zinastahili kusahihishwa.

Dhana: Skripti inayoanza kwa `#!/bin/sh` na kufanya kazi kwenye kompyuta yangu itafanya kazi kokote.

Ukweli ni kwamba `/bin/sh` ni jina tu, na kila mfumo huweka nyuma ya jina hilo programu yake ya kutekeleza amri. Kwa muda mrefu matoleo mengi ya Linux yaliweka Bash hapo, nao waandishi wakazoea kutumia vipengele vya Bash bila kujua kwamba ni vya Bash. Ubuntu ilipohamia dash mwaka 2006, katika toleo la 6.10, skripti nyingi zilizotumia `[[`, safu, au alama ya `==` ndani ya `test` zilianza kukwama, kwa sababu dash haivielewi vitu hivyo. Alpine, toleo jingine la Linux, nayo hutumia ash iliyomo ndani ya BusyBox, kifurushi cha zana ndogo za Unix, na FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix usio Linux, ina `sh` yake yenyewe.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kuandika `#!/bin/bash`. Hilo halitatui jambo: FreeBSD haiji na Bash, na anayeisakinisha huipata kwenye `/usr/local/bin`. macOS inayo, lakini ni toleo la 3.2, la mwisho kutolewa chini ya leseni ya GPLv2, kwa hiyo amri ya `declare -A` iliyokuja na Bash 4 mwaka 2009 haipo humo.

Dhana: Amri yenye jina moja hufanya kazi moja kila mahali.

Mfano ulio wazi zaidi ni `sed -i`, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. Katika zana za GNU, ambazo Linux nyingi huzitumia, kiambishi cha jina la nakala ya akiba ni cha hiari, ilhali katika macOS na FreeBSD ni lazima kitajwe. Mtu akiandika `sed -i 's/a/b/' faili.txt` kwenye macOS, maelezo ya ubadilishaji huchukuliwa kuwa ndicho kiambishi, na jina la faili husomwa kana kwamba ni agizo la `sed`. Njia salama ni kuandika matokeo kwenye faili ya muda, kisha kuihamisha kwa `mv`. Vivyo hivyo, `printf` itumike badala ya `echo -n`.

Dhana: Inatosha kuuliza jina la mfumo kwa `uname`, kisha kuamua.

Jina la mfumo halisemi mfumo huo unaweza nini leo. Chukua `dlopen`, kitendaji cha kupakia maktaba wakati programu inaendelea kufanya kazi. Katika FreeBSD kimo ndani ya maktaba kuu ya C. Katika Linux zinazotumia glibc, yaani maktaba ya C ya GNU, kilikuwa katika maktaba ya pembeni iitwayo `libdl`, hadi toleo la 2.34 la mwaka 2021 lilipokihamishia ndani ya maktaba kuu. Skripti inayojaribu kuunganisha programu ndogo bila `-ldl` (agizo la kuiunganisha na `libdl`), na kuiongeza pale tu jaribio linaposhindwa, haikuhitaji kubadilishwa hata herufi moja kwa sababu ya mabadiliko hayo. Autoconf, zana ya kutengeneza skripti za `configure` iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, imejengwa juu ya wazo hilohilo la kupima uwezo badala ya kukisia kwa jina.

Dhana: Jaribio likisema "hapana", basi kitu hicho hakipo.

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani. Jaribio la usanidi ni programu ndogo inayopewa kompaila. Isipokubaliwa, skripti huandika "hapana" na kuendelea na safari. Lakini programu hiyo inaweza kukataliwa kwa sababu isiyohusiana kabisa na swali lililoulizwa. Kompaila za Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 ziliacha kuvumilia vitendaji vinavyoitwa bila kutangazwa, pamoja na `main()` isiyotaja aina ya thamani inayorudisha. Majaribio mengi ya zamani yaliandikwa hivyo, na ghafla yakaanza kukana uwezo ambao mfumo unao. Programu hujengwa hadi mwisho, bila onyo lolote, ikiwa imepungukiwa.

Udhaifu huo umewahi kutumiwa kwa makusudi. Mlango wa nyuma ulipogunduliwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, mwezi Machi 2024, ilibainika pia kwamba nukta moja ilikuwa imepachikwa katika jaribio la CMake (zana nyingine ya usanidi) la kutafuta Landlock, kinga ya Linux inayoizuilia programu kugusa faili zisizoihusu. Kwa nukta hiyo jaribio halikuweza kupita kamwe, na kinga ikazimwa kimyakimya.

Kwa hiyo mwandishi makini huisoma `config.log`, faili ambamo `configure` huandika matokeo ya majaribio yake, kila kompaila inapopata toleo jipya, ili aone jaribio lilikataliwa kwa kosa gani hasa. Aidha, mtumiaji akiomba jambo waziwazi kwa `--enable` na jaribio lake likashindwa, skripti isimame na kutoa kosa.

Dhana: Ukihamia CMake, tatizo limekwisha.

CMake huondoa sehemu kubwa ya mzigo, hasa kwa Windows, ambako hakuna `sh` ya kutegemea. Hata hivyo, amri ya `cp` au `rm` iliyoandikwa ndani ya `add_custom_command` hubaki kuwa amri ya Unix na hushindwa kwenye Windows. `cmake -E copy` na `cmake -E rm` ndizo zinazofanya kazi pande zote.