Udongo unaovimba si ushahidi wa volkano

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Mnazi Mmoja, hapa Lindi, aliniita nikaangalie msingi uliopasuka kabla ukuta haujafika kwenye lenta. Alikuwa amechimba mtaro pembeni. Ndani kulikuwa na ule udongo wa kijivu unaoelekea weusi, wenye nyufa za kuingiza mkono, na ukibandua bonge unakuta uso wake unang'aa kama uliopakwa sabuni: mabonge yamekuwa yakisuguana kila masika na kila kiangazi.

"Mtaalamu," akaniambia, "hili si jivu la volkano? Nimesoma kwenye simu kwamba udongo unaovimba ni jivu la volkano."

Fundi simlaumu, kauliza. Lakini mwezi huohuo mwalimu mmoja alikuwa ameshanieleza kwamba mijusi ya Tendaguru, yaani yale madinosaria yaliyochimbwa huku kwetu Lindi, ilifukiwa na majivu, ushahidi wake ni kwamba udongo unavimba. Na kijana wa chuo akaniletea ripoti yenye sentensi hiyohiyo, bila hata alama ya kuuliza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Ya haraka kwanza. Kinachovimba ni smektaiti, mojawapo ya madini yanayounda mfinyanzi. Vibamba vyake vimeshikana kwa unyonge, maji yanaingia katikati na kuvitanua. Ilaiti na kaolini ni madini mengine ya mfinyanzi. Vibamba vya ilaiti vimefungwa na potasiamu, havitanuki. Kaolini nayo haitanuki. Basi.

Ni kweli kwamba jivu la volkano likitua majini mara nyingi hugeuka smektaiti. Sehemu kubwa ya jivu ni vigae vya kioo, na kioo hakidumu. Maji hukila polepole, na bahari inaongeza magnesiamu. Mfinyanzi wa namna hiyo ndio bentonaiti, jina lililotolewa mwaka 1898 kutokana na miamba ya Benton kule Wyoming, Marekani. Mwaka 1926 wanajiolojia walitaka jina hilo libaki kwa jivu lililogeuka tu. Biashara haikuwasikiliza. Leo gunia lolote la mfinyanzi unaovimba huuzwa kwa jina la bentonaiti, uwe ulitokana na jivu au la, na msomaji wa mtandaoni anazichukua maana zote mbili kama moja.

Smektaiti haihitaji volkano. Inahitaji silika, magnesiamu na maji yasiyo na pa kwenda. Jambo hili tulipaswa kulijua kuliko watu wengine wote, kwa sababu lilielezwa hapahapa kwetu: miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, alionyesha kwamba ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia, akauita katena, yaani mnyororo. Juu, mvua inaosha kila kinachoyeyuka. Inabaki kaolini na wekundu wa chuma. Chini, mbugani, vilivyooshwa vinajikusanya, jua la kiangazi linakausha maji, smektaiti inazaliwa. Mwamba mmoja unaweza kutoa yote mawili. Dereva anayeshuka kutoka kwenye udongo mwekundu hadi bondeni kwenye udongo mweusi unaonasa magari masika anaupita mnyororo huo kila safari.

Mito nayo inaubeba mfinyanzi huo hadi baharini. Mashapo ya Kilwa, yaliyopewa majina ya kwetu, Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, yana unene wa mamia ya mita, na sehemu kubwa ni mfinyanzi uliotua kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ulizuia maji kupenya, ndiyo maana visukuku vya foraminifera, vijidudu vya baharini vyenye magamba, vilivyotolewa kwenye visima vya utafiti miaka ya 2000 bado vinang'aa kama kioo, na wanasayansi wamevitumia kukadiria joto la bahari ya Eosini, enzi moja ya kale sana. Jivu la mlipuko mmoja huanguka kwa siku au wiki. Ukilikuta ni tabaka jembamba, chini limekatika kama kwa kisu. Na Tendaguru, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913, tabaka zenye mifupa zinapishana na mchanga wa bahari wenye makombe. Ni pwani ambayo bahari ilikuwa ikiipanda na kuiacha.

Upande wa pili unasahaulika kabisa: jivu halilazimiki kuvimba. Lililoangukia kwenye vinamasi vya makaa ya mawe mara nyingi liligeuka kaolini. Lililofukiwa chini sana likapata joto na potasiamu, smektaiti yake inageuka ilaiti na kuacha kuvimba. Jivu la Toba, la miaka kama 75,000 iliyopita, lilitoka Sumatra likafika hadi Ziwa Nyasa, na kule ni punje chache mno, huzioni kwa macho.

Maabara tunapiga eksirei kupima nafasi kati ya vibamba, kwa angstromu, kipimo kidogo mno cha urefu. Smektaiti iliyokaushwa hewani husomeka karibu angstromu 15. Ukiipa mvuke wa glaikoli, ndugu wa kulanti ya gari, inafika 17. Ukiichoma kwa nyuzi 550 inaporomoka hadi 10. Kaolini, ambayo husomeka 7, inapotea kwa joto hilohilo. Kwa kutambua madini, naiamini. Kwa asilimia, nina mashaka makubwa: nimeandaa vioo viwili vya kupakia sampuli kutoka chupa moja ya tope, kimoja matone yakakauka polepole na kingine haraka, nikapata majibu tofauti. Ukiniletea ripoti inayosema "smektaiti asilimia 43.7", hiyo nukta saba siichukui. Na hata ingekuwa sahihi, mashine inakwambia ni madini gani, haikwambii yalizaliwa wapi.

Asili tunaitafuta kwenye kinachobaki baada ya kuosha mfinyanzi. Punje za madini ya zirikoni zenye ncha kali, vibamba vya mika nyeusi vyenye pembe sita, vigae vya kioo vilivyopinda: hapo nitazungumza nawe kuhusu volkano.

Tope la yule fundi niliosha kwenye ndoo, nikalipitisha kwenye chujio, nikampa lenzi aangalie mwenyewe. Alikuta punje za kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, zilizoviringika kama kokoto za mtoni, na vipande vya mizizi. Kipande chenye ncha hakukiona hata kimoja. Akarudi kwenye mtaro kuchimba zaidi, mpaka apite pale nyufa zinapoishia.