Fashifashi za mkesha wa mwaka mpya na usalama wa mbwa na paka wetu: maswali na majibu

Kwa nini mbwa huogopa fashifashi kuliko sisi?

Sikio la binadamu hukoma kusikia karibu na hezi 20,000, ilhali la mbwa hupokea sauti za zaidi ya hezi 40,000, na mnyama huyo hana namna ya kujua kwamba mlipuko anaousikia ni wa sherehe. Hapa Kigoma, tarehe 31 Desemba huangukia ndani ya msimu wa mvua, hivyo mbwa ambaye amekwisha kushtushwa na radi za ziwani kwa wiki kadhaa huufikia mkesha akiwa tayari na hofu.

Nitazitambuaje dalili?

Mbwa hutetemeka, huhema ingawa hakukimbia, hudondosha mate, hulaza masikio na kufyata mkia. Paka hujificha, na pengine hugoma kula hadi kesho yake. Asichapwe wala kuvutwa kutoka mafichoni, kwa maana hofu si utundu.

Mbwa wangu hufungwa mnyororo uani. Je, haitoshi?

Haitoshi, na kwa maoni yangu mbwa wa mnyororo ndiye aliye hatarini kuliko wote. Asubuhi moja ya Januari mosi, pale Mwanga, nilimkuta mbwa wa jirani akiwa ameuzungukia mwembe hadi mnyororo ukabaki wa shubiri moja. Shingo ilikuwa imechubuka, na makucha mawili yalikuwa yameng'oka kwa kuchimbua ardhi. Hakuwa na pa kukimbilia, na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya kelele.

Kabla ya magharibi, mtembeze kwa kamba ili ajisaidie, kisha mwingize katika chumba chenye mlango imara, na dirisha lake ulifunike kwa pazia zito au blanketi. Mwekee maji na gunia lile lile analolalia kila siku, kwa kuwa harufu yake humtuliza. Redio iwashwe mapema, isingoje saa sita usiku. Ninafahamu kwamba katika nyumba nyingi za Ujiji mbwa haingii mahali panaposwaliwa. Stoo ya uani, au jiko la nje ambalo moto wake umezimwa kabisa, litafaa vilevile. Ikiwa yupo mtu aliyezoeana naye, akae karibu naye.

Je, nimpe dawa ya usingizi?

Usimpe dawa yoyote ya binadamu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Zipo pia dawa zinazolegeza mwili wa mnyama huku hofu ikibaki vilevile ndani yake, na kwa hiyo uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo, ambaye ni vema umwone siku kadhaa kabla ya mkesha.

Mbwa aliyetoroka akimng'ata mtu, tufanye nini?

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili apimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msipake majivu wala mafuta, na msilipuuze jeraha kwa kusema kwamba mbwa ni wa jirani tunayemfahamu. Ugonjwa huu, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, huua karibu kila mara. Kwa sababu hiyo ninawasihi wenye mbwa wamwone afisa mifugo wa kata mapema, ili mbwa wapate chanjo ya kila mwaka kabla ya sikukuu.

Na mabaki ya fashifashi?

Yana masalia ya baruti, na fashifashi zinazotoa mwanga wa kijani huwa na chumvi za bariamu, ambazo ni sumu zikimezwa. Uani pafagiliwe kwanza asubuhi, ndipo mbwa afunguliwe mlango.