Je, wajua kwa nini jua la mlimani huunguza ngozi ilhali kuna baridi?

Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro hujipaka losheni ya kukinga jua huku wamevaa makoti mazito na glavu, na asiyejua sababu anaweza kudhani ni mbwembwe tu. Sababu ipo, tena ni nzito: kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi na ndivyo mionzi ya urujuanimno inavyozidi kuwa mikali. Jambo hili hutushangaza kwa kuwa tumezoea kulipima jua kwa joto lake.

Joto la jua tunalolihisi hutokana hasa na mwanga unaoonekana na mionzi ya infraredi. Mionzi ya urujuanimno ni sehemu ndogo ya nguvu ya jua. Mawimbi yake ni mafupi, kati ya nanomita 100 na 400, na jicho la mwanadamu haliyaoni wala ngozi haiyahisi. Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aliigundua mwaka 1801, alipoona kwamba kloridi ya fedha, chumvi ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga, iligeuka upesi zaidi ilipowekwa nje kidogo ya rangi ya urujuani ya mwanga wa jua uliotawanywa kwa prizimu kuwa rangi za upinde wa mvua, mahali palipoonekana hapana mwanga wowote.

Hewa hupata joto lake kwa kiasi kikubwa kutoka ardhini, kisha hupanuka na kupoa inapopanda. Ndiyo maana kileleni kuna baridi. Mionzi ya urujuanimno, inayogawanywa katika makundi A, B na C kwa urefu wa mawimbi yake, hutoka juu, na hewa ndiyo inayoipunguza. Tabaka la ozoni, pamoja na oksijeni, huimaliza kabisa ile ya kundi C, iliyo hatari kuliko zote, na huzuia sehemu kubwa ya kundi B. Ya kundi A hupita karibu yote. Mtu aliyefika kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ameiacha chini yake takriban nusu ya hewa yote ya dunia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo inayofika Kibo inazidi mara moja na nusu ile ya pwani ya Tanga kwa saa ile ile chini ya anga safi. Tena theluji mpya huweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi inayoipiga, na ndiyo sababu wapandaji huungua hata chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, mahali ambapo kofia haisaidii kitu.

Tarehe 29 Desemba 2003, kwenye volkano ya Licancabur mpakani mwa Bolivia na Chile, yenye kimo kinachokaribiana na cha Kibo, kipimo cha kimataifa cha ukali wa mionzi hii, kiitwacho fahirisi ya UV, kilifika 43.3, ilhali kiwango cha kupindukia huanzia 11. Ukipanda zaidi hadi nje ya angahewa, hata kundi C halina kizuizi. Vioo vya kofia za wanaanga hupakwa dhahabu nyembamba ili kulinda macho yao.

Madhara huanzia ndani ya seli. Mionzi ya kundi B huziunganisha isivyo kawaida sehemu mbili zinazopakana za DNA, na seli hulazimika kuzikata na kuzijenga upya. Kazi hiyo hufanyika kila siku bila sisi kujua, lakini makosa yakilimbikizana kwa miaka, saratani ya ngozi huweza kuzuka. Machoni madhara hujitokeza saa kadhaa baadaye: macho huwasha kana kwamba yameingia mchanga, na mwenye kuumia huwa amekwisha kutoka juani.

Kinga yetu ya asili ni melanini, rangi ya ngozi inayofyonza mionzi kabla haijafika kwenye DNA. Wenye ualbino hawana kinga hiyo ya kutosha, nao katika nchi za ikweta huweza kupata saratani ya ngozi wangali vijana. Ndiyo maana naiona kuwa kazi ya thamani kubwa losheni ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, kwa ajili yao mahususi. Hata hivyo mionzi hiyo hiyo ya kundi B, kwa kiasi, ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D.

Kwa kuwa ngozi haina hisi ya mionzi hii, na mawingu mepesi huipitisha kwa wingi, upepo wa baridi haufai kuwa kipimo. Kivuli hufaa zaidi: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua liko juu sana na mionzi ni mikali, uwe Kibo au ufukweni.