Kupiga Picha Kanisa Kuu la Chartres: Vioo Peke Yake, Mawe Peke Yake

Picha nyingi za ndani ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, huharibika kwa sababu moja: mpigaji ametaka kuta na vioo vya rangi vitoke vizuri kwa mkupuo mmoja. Ukipima mwanga wa ukuta, dirisha linaungua na kubaki doa jeupe. Ukipima dirisha, ukuta unazama gizani. Zihesabu kuwa kazi mbili, kila moja na mipangilio yake na saa yake.

Tuanze na vioo, maana ndivyo vinavyowaleta watu Chartres. Siku nzuri ni ya mawingu, si ya jua kali. Jua likipiga dirisha moja kwa moja, upande mmoja unawaka, mwingine unabaki na kivuli cha mawe ya nje, na hakuna programu itakayousawazisha vizuri. Mawingu husambaza mwanga sawasawa kwenye dirisha zima.

Kwa kamera ya mkononi, anza na ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi) na shata 1/125 ya sekunde, kisha punguza mwanga hadi rangi zishibe. Usiamini histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwanga inayoonekana kwenye kamera. Fungua ile inayotenganisha nyekundu, kijani na bluu. Bluu huweza kuungua wakati histogramu ya jumla bado inakuambia mambo ni shwari, na ikishaungua hairudi hata kama umepiga RAW, faili ghafi ya kamera. Mpangilio wa rangi ya mwanga uweke kwenye jua la mchana, kama 5200K. Ukiuacha otomatiki, kamera huona bluu nyingi mno, ikajitia kuirekebisha, nawe unaondoka na kijivu.

Mfano mzuri ni Notre-Dame de la Belle Verrière, dirisha la upande wa kusini, la kwanza baada ya kuupita mkono wa kusini wa kanisa ukielekea altare. Vipande vya kati, vya Bikira Maria na Mtoto, ni vya karne ya 12 na viliokoka moto wa mwaka 1194. Malaika wanaowazunguka waliongezwa karne ya 13. Bluu ya vazi la Maria ni nyepesi waziwazi kuliko bluu ya jirani zake, kwa hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Pima mwanga hapo kwenye vazi, uache malaika wawe weusi kidogo. Hao utawainua baadaye kwenye kompyuta. Madirisha ya duara yako juu sana, yanataka lenzi ya milimita 200 au zaidi.

Fleshi izime kabisa. Rangi ya kioo hutokana na mwanga unaopenya kutoka nje; ukikipiga fleshi kwa ndani unapata vumbi na mistari ya madini ya risasi inayoshika vipande vya kioo. Juu ya hayo, dari liko kama mita 37 kutoka sakafuni, na fleshi ya kamera haifiki huko.

Sasa mawe. Ushauri wa zamani unaozunguka mtandaoni unasema Chartres ni pango jeusi. Usafishaji mkubwa wa ndani ulianza mwaka 2009 na kuta zilizokamilika sasa zina rangi ya maziwa. Wapo waliolalamika sana, na kwa macho ni kweli vioo vinaonekana kupoa kidogo, lakini mpiga picha amepata mwanga wa bure. ISO 1600 hadi 3200, f/4 na shata 1/30 mara nyingi zinatosha. Tripodi usiitegemee; omba ruhusa kwanza. Badala yake egemea nguzo, au weka kamera juu ya kiti ukiikalisha kwenye kifuko cha mchele, utumie kipima muda cha sekunde 2. Ukipiga tatu mfululizo, ile ya katikati huwa haijatikisika, kwa kuwa kidole kimetulia. Kwenye simu epuka lenzi pana kupita kiasi: mara nyingi sensa yake ni ndogo, na gizani hutoa uji. Tumia lenzi kuu. Misa ikianza, weka kamera chini.

Nje, kosa kubwa ni la dira. Makanisa ya namna hii kwa desturi huelekeza altare mashariki, lakini hili limepinda: altare iko kaskazini-mashariki, na uso unaoitwa wa magharibi unatazama kusini-magharibi. Asubuhi uso huo uko kivulini. Kiangazi, kati ya saa saba na saa nane mchana, jua huuparaza kwa ubavu na mikunjo ya mavazi ya sanamu za Lango la Kifalme, milango ya uso huo, inasimama. Kufikia saa tisa na nusu mwanga unaupiga usoni na kila kitu kinalala bapa, subiri jioni. Lango la kusini ni la asubuhi. La kaskazini hupata jua hasa jioni za kiangazi. Matao ya nje yanayoegemeza kuta yapige kutoka bustani iliyo nyuma ya kanisa, mapema asubuhi.

Mnara mrefu, wa kaskazini, unapita mita 110. Kwa lenzi ya milimita 24 iliyosimamishwa wima bila kuinuliwa, ungehitaji kurudi nyuma karibu mita 150, na huko majengo ya mtaa yameshakuziba. Kwa hiyo utainua kamera, na minara itaelemeana kwa ndani. Acha nafasi ya kutosha kushoto na kulia, kwa sababu marekebisho ya kompyuta yatakula pembeni. Usinyooshe hadi mwisho. Mimi huacha mwinamo kidogo, la sivyo vilele vinaonekana vimevimba kuliko milango.