Je, wajua juu ya nini shasi ya kart ya kukimbia kwenye udongo inatakiwa kupinda?

Kiangazi kilichopita vijana wa avenue yetu hapa Katuba, Lubumbashi, waliniletea kart, yaani kagari kadogo ka mashindano, waliyoitengeneza wenyewe, moteri ya pikipiki ya 125, kiti cha plastiki, na shasi, ile fremu inayobeba vyote, ya tiyo za maji ambayo kila kona wameikaza na vyuma vya msalaba, juu, chini, katikati, kila fasi. Wakaniambia yaya, hii hata ukiipandishia mifuko kumi ya simenti haivunjiki. Na ni kweli, haivunjiki. Shida ni kwamba haikati kona. Dereva anageuza usukani mpaka mwisho na kart inaendelea kwenda mbele, tairi za mbele zinalima udongo kama jembe. Wakaniuliza: juu ya nini kitu kigumu hivi, kilichofungwa vizuri hivi, kinakataa kugeuka?

Ni swali zuri sana, na jibu lake njo msingi wa kuchagua shasi yoyote ya kart, sana sana ya udongo.

Anzia nyuma. Kart haina difu, ile gia inayoacha gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lingine. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu mawili yamefungwa humo yanazunguka pamoja, moja haliwezi kukimbia kuliko lingine. Sasa chukua kart yenye mita 1 kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, ikate kona ya kurudi ulikotoka, nusu duara. Tairi ya nje itasafiri mita 3.14 zaidi kuliko ya ndani. Kona iwe kubwa, iwe ndogo, tofauti ni ileile, piga hesabu mwenyewe utaona. Gari la kawaida linamaliza hiyo shida kwa difu, lakini kart iko na ekseli ngumu, basi lazima tairi moja iburuzike, na kama zote mbili zimekandamiza udongo kwa uzito sawa zinasukuma kart iende moja kwa moja. Ndiyo ile kart ya vijana wetu.

Dawa yake ni kuinua gurudumu la nyuma la ndani. Si lazima lipae juu kabisa, kwenye udongo mara nyingi inatosha lipunguziwe uzito mpaka liguse kidogo tu. Nani analiinua? Hakuna springi, hakuna shokabzoba, tangu mwanzo hazikuwepo, kart ya kwanza kabisa aliyoitengeneza Art Ingels kule California mwaka 1956, huyu alikuwa fundi wa magari ya mashindano katika kampuni ya Kurtis Kraft, ilikuwa tiyo, kiti, na moteri ndogo ya mashine ya kukata majani. Anayeliinua ni usukani na shasi. Ile pini ambayo gurudumu la mbele linageukia imelazwa kidogo kwa nyuma, kwa hiyo ukigeuza kushoto gurudumu la mbele la kushoto linasukumwa chini na la kulia linapanda. Shasi inajinyonga, uzito unakimbilia kwenye mstari wa pembeni, mbele kushoto na nyuma kulia, na gurudumu la nyuma kushoto linabaki jepesi. Uzito wa dereva kwenda nje ya kona unamalizia kazi. Ukimaliza kona shasi inajinyoosha na gurudumu linarudi chini, unapata nguvu ya kukimbia.

Kwa hiyo shasi yenyewe njo springi. Ukinunua shasi unanunua namna ya kujinyonga na namna ya kurudi.

Hapo wengi wanaangalia unene wa tiyo peke yake. Shasi za viwandani, zile za Ulaya, mingi ziko na tiyo za milimita 28, 30 au 32, chuma chenye kromu na molibdeni ndani, ambacho kinapinda na kurudi mara maelfu bila kuchoka haraka. Milimita 4 unaona ni kidogo, lakini ugumu wa tiyo kwenye kunyongwa unapanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo tena, yaani ukuta ukiwa uleule, tiyo ya 32 ni ngumu karibu mara moja na nusu kuliko ya 28. Hata hivyo usiniambie tu "iko ya 30, ni nzuri". Shasi mbili za 30 zinaweza kutofautiana kabisa, inategemea ukuta wa tiyo, tiyo ndefu kiasi gani kabla ya kukutana na nyingine, na kama viungo viko karibu na kiti au mbali. Na kiti! Watu wanakisahau. Kiti kimefungwa kwenye shasi kwa boruti na dereva amekaa humo, basi nacho ni sehemu ya shasi, ukiongeza vyuma vya kukishikilia unaifanya sehemu ya nyuma iwe ngumu, ukiviondoa unailegeza. Ni marekebisho ya bei rahisi kuliko yote na mimi huwa naanzia hapo.

Sasa udongo. Nenda polepole hapa, maana neno "udongo" linadanganya. Shasi za udongo zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa ajili ya njia za udongo wa mfinyanzi, njia zilizomwagiwa maji, zikashindiliwa mpaka laini kama sakafu, na nyingi ni za duara wanakokata kushoto tu siku nzima. Ndiyo maana shasi zao hazilingani pande mbili, kiti kimesogezwa kushoto, wanapima uzito kila gurudumu na mizani, wengi wanataka kitu kama asilimia 55 mpaka 60 upande wa kushoto. Tairi ya nyuma ya kulia wanaweka yenye mzunguko mkubwa kuliko ya kushoto, ili ekseli ibingirike kama koni na kart ivutwe yenyewe kushoto. Ni akili kubwa. Lakini ukiileta shasi hiyo kwenye njia yenye kona za kulia na kushoto itakutesa kila kona ya kulia, hakuna marekebisho yatakayoiokoa. Kwa njia ya namna hiyo chukua shasi iliyolingana pande mbili.

Na udongo wetu sasa. Hapa Lubumbashi tuko na bahati, ardhi imelala, udongo mwekundu, na ule wa kichuguu ambao wazee wanafyatulia matofali unashika vizuri ukilowa na kushindiliwa, mimi naamini kabisa njia nzuri ya kart inaweza kujengwa nao. Kiangazi unakauka na juu inakuja vumbi laini linaloteleza. Hapo tairi hazina cha kushika, nguvu ya kujinyonga inapungua, kwa hiyo tunaisaidia: kiti kinapandishwa kidogo ili uzito uhame zaidi kwenye kona, magurudumu ya nyuma yanasogezwa ndani. Lakini shasi ngumu sana kwenye udongo wenye mawimbi inarukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki chochote.

Goma ni habari nyingine. Mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale yaliyomwagika mwaka 2002 na mengine, ni makali, yanakata tairi na yanagonga tiyo za chini, kart iko sentimita chache tu juu ya ardhi. Fasi ya mashimo na mawe usitafute shasi ya kart kabisa, tafuta kile wanachokiita kart-cross, kinachokimbia sana Ufaransa, chenye springi, keji ya kumlinda dereva na moteri ya pikipiki. Hicho shasi yake inatakiwa ngumu, kwa sababu kazi ya kupinda na kurudi inafanywa na springi. Unaona? Ugumu ule ule, huku ni ugonjwa, kule ni dawa.

Ukipata shasi iliyotumika, ilaze juu ya sakafu iliyonyooka bila magurudumu, pima kila upande kutoka chini, iliyopinda bila kurudi itajionyesha. Kisha lala chini uangalie tiyo za tumboni kama zimesagika na kuwa bapa, sugua rangi kwenye viungo utafute ufa mwembamba kama unywele. Ukikuta viungo vimechomelewa upya mara tatu nne, iache.

Ile kart ya vijana tuliikata misalaba miwili ya nyuma na mmoja wa katikati, tiyo zile zilikuwa na zinki na ukichomelea zinki moshi wake unaleta homa ya usiku kucha, basi tulisugua kwanza na kufanyia kazi nje penye upepo. Tukapandisha kiti kidogo, tukalaza pini za mbele nyuzi chache zaidi. Jioni wakaipeleka uwanjani. Nilitembea kwenye kona baada ya wao kupita, nikainama kuangalia vumbi: tairi ya nje ya nyuma imechora mstari mzito, mpana, na ya ndani imechora kamstari kembamba ambako hata upepo kidogo ulikuwa unakafuta.