Gari la Porini Katika Uwindaji wa Wenyeji: Matumizi Yanayokubalika na Namna ya Kufikisha Nyama Salama

Msimu wa uwindaji nchini Tanzania hufunguliwa Julai 1, wakati nyasi zimekauka, njia za porini zinapitika na wanyama wameanza kusogea kwenye maji yaliyobaki. Kila inapofika tarehe hiyo, wawindaji wenyeji wenye leseni huuliza maswali yaleyale kuhusu gari: gari gani linafaa, linaruhusiwa kufika wapi, na nyama itafikaje nyumbani bila kuharibika na bila kumwingiza mwenyewe matatani. Jibu letu kwa maswali yote matatu lina msimamo mmoja. Gari ni la kuwafikisha watu porini na kuitoa nyama porini. Katikati ya safari hizo mbili, yaani wakati wa kumtafuta mnyama na kumpiga, halina kazi.

Msimamo huu kwanza ni wa kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kumwinda mnyama kwa kutumia gari, na inakataza pia kumpiga ukiwa ndani ya mita 200 kutoka gari lilipo, isipokuwa kwa idhini ya maandishi. Maana yake ni kwamba kushuka na kuegemeza bunduki kwenye boneti hakumtoi mtu hatiani. Anatakiwa aliache gari, atembee, na afuate nyayo kwa miguu. Kuwinda usiku kwa kummulika mnyama kwa taa za gari au kurunzi nako kumekatazwa, na ni mojawapo ya makosa yanayowaangusha watu wengi ambao vinginevyo wana leseni halali. Wasomaji wetu wa Kenya wakumbuke kuwa kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo haya tunayoyaeleza hayawapi ruhusa ya namna yoyote upande wao wa mpaka.

Hata kama sheria isingesema neno, hali ya nyama peke yake ingetosha kumshawishi mwindaji aliache gari mbali. Misuli ya mnyama aliyetulia huwa na akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Anapokufa, akiba hiyo hugeuka asidi, na nyama iliyokuwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka asidi inapozidi) ya karibu 7 hushuka taratibu hadi kati ya 5.4 na 5.8. Asidi hiyo ndiyo inayowazuia bakteria wasizaliane kwa kasi, na ndiyo inayoifanya nyama iwe laini na yenye rangi nzuri. Mnyama aliyefukuzwa na gari kilomita mbili au tatu huwa ameimaliza akiba yote akikimbia. Nyama yake hubaki na pH iliyo juu ya 6, huwa nyeusi, ngumu na yenye kunatanata ukiishika, na huanza kunuka mapema kuliko ya mwenzake aliyeangushwa akiwa anakula majani bila habari. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani weusi huo ni sifa ya nyama ya porini. Mara nyingi ni dalili kwamba mnyama alitaabishwa kabla ya kufa.

Kuhusu aina ya gari, hatuna sababu ya kuandika mengi. Pikapu ya magurudumu manne yanayovuta yote, yenye gia nzito, chasi imara na bodi iliyo wazi nyuma inatosha. Ndiyo maana Toyota Land Cruiser, ile ambayo wengi huiita mkonga kwa sababu ya bomba lake refu la kuvutia hewa, imeenea kila kona ya mapori yetu. Tairi nyembamba za 7.50 kwa rimu ya inchi 16 zinafanya vizuri kwenye misitu ya miombo, ambako visiki vilivyoachwa na moto ndivyo adui mkuu wa mpira. Gari linaloweza kubeba tani moja lisipakiwe nyati, watu saba, madumu ya maji na ya dizeli, kisha mtu akashangaa springi zikikatika kwenye korongo. Nyati dume mkubwa hufikisha kilo 700 na zaidi. Hata baada ya kutolewa ngozi, kichwa na matumbo hubaki karibu nusu ya uzito huo, na uzito huo unatakiwa kukaa chini, katikati ya ekseli mbili. Kuuweka juu ya keria huinua kitovu cha uzito, na gari hulala ubavu kwenye mteremko ambao asubuhi lilipita bila shida.

Penye mchanga, upepo wa tairi ushushwe kutoka psi 35 hadi karibu psi 20 ili mpira utanuke na usizame, na dereva awe na pampu ya kuurudisha kabla ya kufika barabara ngumu, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka kwenye mwendo. Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine. Ukiwa mkavu una nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtu. Ukilowa, hata kwa mvua moja ya nje ya msimu, hushika magurudumu hadi yakawa mapipa ya tope, na hapo winchi bila mti wa kufungia waya haisaidii. Anayeona wingu zito akiwa upande wa pili wa mbuga aondoke mapema, hata kama hajapata kitu.

Hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni moto. Gari linapopita kwenye nyasi zilizokauka, mabua na mbegu hujisokota kwenye ekzosi, juu ya sahani ya kinga ya injini na kwenye mapezi ya rejeta. Rejeta ikizibwa injini huchemka. Ekzosi ikizungukwa na nyasi, moto huanzia uvunguni, mahali ambapo dereva hauoni mpaka moshi uingie ndani. Tumeona magari yakiteketea yote kwa namna hii, pamoja na nyama, bunduki na nyaraka. Kinga yake ni kufunga wavu mbele ya rejeta, kusimama kila baada ya kilomita chache za nyasi ndefu, kulala chini na kuzitoa nyasi kwa waya au fimbo, na kuwa na kizima moto kinachofikika kwa mkono mmoja. Gari lisiegeshwe kamwe juu ya nyasi ndefu huku injini ikiwa bado ya moto.

Mnyama akishaanguka, gari lisikimbiliwe. Mwindaji amsogelee kwa nyuma, upande wa mgongo, bunduki ikiwa tayari, na amguse jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, bado yu hai. Nyati aliyejeruhiwa ana desturi ya kuzunguka na kungoja kando ya nyayo zake mwenyewe, na amewaua wawindaji wenye uzoefu mkubwa. Kama walaji ni Waislamu, mchinjaji awe karibu, kwani mnyama akikutwa na uhai anatakiwa achinjwe, na kuchelewa kwa dakika chache kunaweza kuifanya nyama yote kuwa kibudu machoni pa familia inayoisubiri. Hakikisha pia tukio limeandikwa kwenye leseni mbele ya askari wa wanyamapori aliyeambatana nanyi kabla mzoga haujasogezwa.

Ndipo gari linapoitwa. Mtu mmoja atangulie kwa miguu, akitafuta visiki na mashimo ya muhanga, na dereva amfuate polepole kwa gia nzito. Njia ya kuingilia ndiyo iwe ya kutokea. Alama mbili za magurudumu kwenye ardhi laini huwa mfereji wa maji mvua zinapoanza, na baada ya misimu michache mfereji huo ni korongo. Wengine watakaotumia pori hilo wanastahili kulikuta bila njia mpya kumi zinazoelekea mahali palipochinjwa mnyama. Ikiwa umbali ni mdogo, katakata nyama na uibebe kwa mti mabegani hadi gari lilipo. Watu wanne wanambeba swala pala mzima bila kuharibu kitu.

Kazi ya kupasua ifanyike palepale, haraka. Joto la mwili wa mnyama aliye hai ni kama nyuzi 38 au 39 za Selsiasi, na tumbo la mnyama anayecheua huendelea kuchacha baada ya kifo na kulipandisha zaidi. Katika joto hilo, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa hiyo matumbo yatolewe bila kutobolewa, kifua kitanuliwe kwa kijiti ili hewa ipite, na kwa wanyama wakubwa mapaja yachanwe hadi kwenye mfupa. Hapo kwenye mfupa wa paja ndipo uozo huanzia, ndani kabisa, huku nje nyama ikionekana safi. Nyama inayozunguka tundu la risasi ikatwe kwa upana wa kiganja na itupwe, kwa sababu risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi husambaza vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na madini hayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo.

Mzoga uliokutwa umekufa wenyewe usiguswe, wala usipakiwe, hata kama unaonekana mpya. Damu nyeusi isiyoganda, inayotoka puani au sehemu ya haja kubwa, ni dalili ya kimeta. Kuupasua mzoga wa namna hiyo ni kuachia mbegu za ugonjwa zinazoweza kuishi kwenye udongo kwa miongo mingi. Toeni taarifa kwa ofisi ya mifugo au ya wanyamapori iliyo karibu.

Katika upakiaji, kosa la kawaida ni kuifunika nyama ya moto kwa turubai la plastiki na kuifunga kamba ili vumbi lisiingie. Turubai huzuia vumbi, lakini pia huzuia joto lisitoke, na nyama hufika nyumbani imepikika nusu kwa mvuke wake yenyewe. Njia tunayoifundisha ni kutandika matawi mabichi yenye majani kwenye sakafu ya bodi, ili hewa ipite chini na nyama isiguse bati linalopashwa na ekzosi, kuipanga nyama bila kuirundika, kisha kuifunika kwa kitambaa chepesi au chandarua kinachozuia nzi. Madumu ya dizeli yakae mbali, kwani mafuta ya nyama hunyonya harufu na haitoki tena. Kwa safari ndefu tumieni masanduku ya barafu, lakini nyama iingie humo ikiwa imepoa kivulini kwanza, na lengo liwe kuifikisha nyuzi 4 au chini yake. Kwa sababu hizi zote tunashauri mnyama apigwe alfajiri jua linapochomoza, ili kazi yote ikamilike kabla ya saa tano. Bunduki zisafiri zikiwa hazina risasi, na mtu asikae juu ya mzigo.

Katika maeneo yenye mbung'o, wadudu hao huvutwa na kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, hivyo walioketi nyuma ya pikapu wavae nguo za rangi ya udongo zenye mikono mirefu. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, bado yapo.

Njiani kuna vizuizi, na askari atakayeifunua nyama yenu hana njia ya kujua mlivyoipata isipokuwa kwa karatasi. Leseni iliyojazwa, kitambulisho, hati ya bunduki na kibali cha kusafirisha viwe mkononi mwa mwenye leseni, naye awe ndani ya gari hilohilo. Kukutwa na nyara za Serikali, yaani nyama au sehemu yoyote ya mnyamapori, bila uthibitisho kumewapeleka watu gerezani kwa miaka 20, na gari lililotumika linaweza kutaifishwa. Pia hakikisheni mlikotoka ni eneo linaloruhusiwa leo, maana mipaka hubadilika: sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji kabisa.

Gari lisafishwe siku hiyohiyo kwa maji na klorini, mbali na kisima na mbali na zizi. Mliobeba ngiri au nguruwe pori mzingatie zaidi, kwa kuwa wanyama hao hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa wenyewe. Ugonjwa huo hauna tiba, nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, na damu iliyoachwa kwenye bodi, au mabaki ya nyama yaliyotupwa jalalani, yanatosha kuufikisha kwenye banda la jirani.