Atomu si mfumo mdogo wa jua

Ujumbe huu haukosi kurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: eti atomu ni mfumo mdogo wa jua, elektroni zinazunguka kiini kama sayari, na huenda juu yake wanaishi viumbe kama sisi. Picha inavutia, lakini si kweli.

Elektroni ina chaji. Ingezunguka kama sayari, ingetoa mwanga mfululizo, ikaishiwa nishati na kuangukia kwenye kiini kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kupita. Meza unayoegemea isingekuwepo.

Jionee mwenyewe. Usiku, tafuta sidii ya zamani na balbu ya mrija, zile za kuokoa umeme. Tazama mwanga wake ukiakisiwa upande unaong'aa: utaona mistari ya rangi iliyoachana. Badilisha, weka mshumaa. Rangi zinaungana bila pengo. Atomu za kwenye balbu hutoa rangi maalumu tu, kwa kuwa elektroni zake hukaa kwenye viwango maalumu vya nishati.

Tunachanganyikiwa kwa sababu ya daftari la sekondari. Mchoro wa mizunguko ni wa mwaka 1913, na tunaendelea kuuchora (mimi nilitumia kifuniko cha soda) kwa vile unarahisisha kuhesabu elektroni. Tangu 1926 wanasayansi huzungumzia wingu: sehemu ambamo elektroni ina uwezekano wa kupatikana. Hawakudanganya mwanzoni, vipimo viliwalazimisha kubadilika.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa picha ya sidii yako.